Buti la mlima kwa kijana mwenye mguu mkubwa: nilivyolipata Moshi

Mwanangu alipomaliza kidato cha nne, vijana wenzake wa kwaya walikuwa wanajiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, naye akajiandikisha. Jaketi tuliazima kwa mjomba wake, begi la kulalia likapatikana kwa jirani, ikabaki miguu. Ana miaka 17, amempita baba yake kwa kimo, na viatu vingi vya kiume vinavyouzwa mjini kwetu vinaishia namba 44 au 45. Yeye hapo haingii hata kisigino.

Naeleza hapa tulivyofanya kwa sababu naona wazazi wengi, na hata wagumu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, wanakubali kiatu kidogo kwa kuwa ndicho kilichopo. Kiatu kinachobana mjini unakivumilia mpaka jioni, unakivua, yameisha. Mlimani kuna ile siku ya kilele: mtu anatoka kambi ya Kibo usiku, anafika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895, kisha siku hiyohiyo anashuka mpaka kambi ya Horombo, karibu na mita 3,700. Ni zaidi ya mita 2,000 za kuteremka, na kila hatua vidole vinasukumwa mbele. Kikiwa kifupi, kucha za vidole gumba zinavilia damu, zinakuwa nyeusi, na baadaye zinang'oka. Kwa hiyo swali langu tangu mwanzo lilikuwa moja: buti hili litamshushaje? Kupanda ni kazi ya mapafu na moyo, lakini kushuka ni kazi ya vidole na magoti.

Tulianza kwa kupima mguu wenyewe. Ilikuwa jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani utavimba zaidi. Nilimvalisha soksi nene za sufi zilezile atakazopandia, nikaweka karatasi sakafuni ikagusa ukuta, akasimama kisigino kikiwa kimegusa ukuta na uzito wote ukiwa kwenye mguu ule. Hilo la uzito usiliache. Mguu wa mtu aliyekaa kwenye kiti ni mfupi kuliko wa mtu aliyesimama. Nikaweka alama kwenye ncha ya kidole kirefu, penseli ikiwa wima kabisa, maana ukiilaza unaongeza au unapunguza milimita kadhaa bila kujua. Kulia tukapata sentimita 30. Kushoto, 30.4. Miguu ya watu wengi hailingani, na anayenunuliwa kiatu ni ule mguu mrefu. Kisha nikachukua futi kamba yangu ya cherehani nikazungusha sehemu pana ya wayo, pale kwenye mzizi wa kidole gumba, nikaandika. Ile karatasi niliikunja nikaiweka kwenye pochi, ikawa inatembea nami sokoni.

Sasa namba. Mfumo wa Ulaya, ndio huu wa 42, 43, 44 tuliouzoea, unahesabu theluthi mbili za sentimita kwa kila namba moja. Ukizidisha namba kwa mbili ukagawa kwa tatu, unapata urefu wa kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu kimeshonewa juu yake. Namba 47 inatoka sentimita 31.3 hivi, na 48 inatoka 32 kamili. Mguu wa sentimita 30.4 ndani ya 47 unabakiwa na chini ya sentimita moja mbele, kiasi ambacho kwa kiatu cha ofisini kinatosha, kwa buti la kushukia mlima hakitoshi. Ndani ya 48 unabakiwa na sentimita moja na nusu hivi. Waingereza wana hesabu yao, namba moja ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8 na nusu, na Wamarekani wanafuata hatua hiyohiyo ila wanaanzia kwingine, ndiyo maana buti la mwanaume lenye 12 ya Uingereza huandikwa 13 ya Marekani au karibu na hapo. Viwanda navyo havilingani: 47 ya huyu ni 46 ya yule. Kwenye lebo iliyoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu mara nyingi kuna mstari wa mwisho wenye sentimita, na huo ndio niliokuwa nausoma kwanza, kwa sababu unaeleza mguu wa mtu na unalinganishika na karatasi yangu moja kwa moja.

Tukaenda Memorial. Kwa asiyelijua, ni soko letu kubwa la mitumba hapa Moshi, na kwa vile mji unaishi kwa mlima, kuna wauzaji wanaochambua belo na kutenga buti, jaketi za baridi na suruali za theluji upande wake.

"Shikamoo mama, karibu, mzigo umefunguliwa leo."

"Marahaba baba. Nataka buti za mlima, namba kubwa."

"45 hii hapa, safi kabisa. Akivaa siku mbili itaachia."

Hapo ndipo watu wanaponaswa. Ngozi huachia kwa upana, na fundi mzuri anaweza kuitanua zaidi kwa kalibu la mti. Kwa urefu haiachii. Mbele kuna kikombe kigumu cha kulinda vidole, na nyuma kisigino kimeimarishwa, basi urefu uliotoka kiwandani ndio huohuo mpaka kiatu kife. Nilimshukuru kijana yule, nikamwonyesha karatasi, na nikasema sishuki chini ya 47. Akaniheshimu, akatuma mwenzake kwenye mabanda mengine.

Buti la kwanza kubwa lililoletwa lilikuwa zuri kwa macho: jeusi, nene, lebo inasoma sentimita 31. "Hili mama ndilo la theluji lenyewe." Mwanangu akalitambua mara moja, kwa sababu huo mchezo anaufuatilia kwenye simu. Lilikuwa la watu wanaoteremka kwenye theluji wakiwa wamesimama juu ya ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa juu yake. Kiatu cha mchezo ule kinatakiwa kidole kiguse mbele kwa wepesi ili mguu usicheze ndani, kifundo kimeshikwa kikakamavu, na soli yake imetengenezwa ikae kwenye vishikizo vya ubao. Hata kule mwenye mguu mkubwa ana kazi yake, anatafuta ubao mpana, la sivyo vidole na visigino vinatokeza nje na kukwaruza theluji wakati wa kukata kona. Kwa mtu wa kutembea siku tano kwenye matope ya msitu, mawe na kokoto, kiatu kile ni adhabu. Wapo wanaopanda nacho kwa sababu wameambiwa ni cha theluji. Mzazi mwenzangu, ukikiona kirudishe: kikunje mbele penye vidole, kama hakikunjiki hata kidogo na soli haina meno ya kina, si cha kutembelea.

La pili likawa namba 48, la ngozi, mtengenezaji anajulikana, na soli yake ina ile nembo ya njano ya Vibram. Hiyo ni soli ya mpira aliyoibuni Mwitaliano Vitale Bramani, mpanda milima, baada ya rafiki zake sita kufa mlimani mwaka 1935 wakiwa na viatu visivyofaa. Kwa hiyo nembo ile naiheshimu. Lakini buti la mtumba halipimwi kwa nembo. Kati ya soli ya mpira na ngozi kuna tabaka laini la kupunguza mtikisiko, na kwenye buti nyingi tabaka hilo ni poliyurethani. Unyevu huila poliyurethani polepole kutoka ndani hata kama kiatu kimekaa tu kabatini, na kwa kawaida ndani ya miaka 5 hadi 10 huanza kuoza. Juu kiatu kinang'aa, katikati kimekufa. Nikalikunja lile buti kwa nguvu mara kadhaa huku nikitazama ubavuni, nikaona nyufa nyembamba kama nywele. Nikabonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukazama, na ulipotoka ulikuwa na vumbi la kijivu linalonata.

Muuzaji akasema fundi atalishona kuzunguka soli nzima. Mafundi viatu wetu ni hodari kweli, nimeona soli zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni zikidumu miaka. Ila uzi unahitaji kitu kizima cha kushika. Tabaka likishakuwa unga, mshono unashika hewa, na soli itabaki njiani kati ya Horombo na Kibo.

Lililotufaa halikupatikana siku ile. Nilimwachia yule kijana namba ya simu na vipimo, akanipigia belo jingine lilipofunguliwa. Namba 48, kitambaa na ngozi, lebo ya sentimita haisomeki, shingo inapanda juu ya kifundo. Nikabonyeza ubavu, ukucha ukarudi safi na tabaka likarudi mahali pake lenyewe. Nikatoa kile kitandiko cha ndani, nikakiweka chini, kijana akasimama juu yake na soksi zake: mbele ya kidole kirefu pakabaki upana wa kidole changu gumba. Kisha akavaa buti bila kufunga kamba, akasukuma mguu mbele mpaka vidole vikagusa, nami nikaingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikaingia vizuri, bila kulazimisha na bila kuogelea. Tukapatana kwa shilingi 65,000.

Upande wa kidole kidogo cha kushoto palibana kidogo. Fundi wa karibu na stendi alitia kalibu, akaloweka ngozi sehemu ile tu, akaliacha usiku kucha. Likafunguka.

Kazi iliyobaki ilikuwa kulijaribu mahali penye mteremko. Tulipanda Uru kwa bibi yake, akawa anashuka ile njia ya migombani inayoelekea mtoni akiwa na begi lenye sado ya maharage, kisha anarudi. Kushuka, vidole havikugusa mbele. Kupanda, kisigino kikawa kinanyanyuka ndani ya kiatu, na kisigino kinachonyanyuka huzaa malengelenge. Wengi wakifika hapo hurudi kwenye namba ndogo. Dawa yake ni kamba. Mwongozaji mmoja wa mlimani, jirani yetu, alitufundisha: pale kamba inapopinda kutoka juu ya wayo kuelekea shingoni, vuta kwa nguvu kisigino kikiwa kimekaa nyuma, halafu pinda kamba moja juu ya nyingine mara mbili badala ya mara moja. Msuguano wa mizunguko hiyo miwili unashika, kwa hiyo unaweza kufunga huku juu kwa nguvu tofauti na kule chini. Kwa kupanda, shingo inalegezwa kidogo ili kifundo kikunje. Kabla ya kushuka unakaa kwenye jiwe, unagonga kisigino chini mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa, unakaza tena. Kisigino kikatulia.

Alilivaa kwenda dukani, kanisani hata shambani, mpaka likamzoea. Usiku wa kuamkia safari nilimkata kucha mwenyewe, fupi na zilizonyooka.

Kwa wagumu nina neno, maana hili linaniuma. Vijana hawa hubeba mizigo inayopimwa kwenye mizani getini, kikomo kilo 20, na wengine wana miguu mikubwa kama ya mwanangu na kipato kisichoruhusu kununua buti la dukani. Hapa Moshi kuna KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaowaazima mavazi na vifaa vya mlimani bila malipo. Nendeni mapema, na nendeni na kipimo chenu cha sentimita, kwa sababu namba kubwa daima ni chache na hugombaniwa. Na kampuni inayomwajiri kijana wa futi sita imuulize namba ya kiatu siku inayomwita, asisimame getini Marangu na raba.

Mwanangu alifika Uhuru asubuhi, akiwa amechoka na kichwa kinamuuma, na akashuka Horombo siku hiyohiyo kwa miguu yake. Alipofika nyumbani nilimwambia avue soksi kabla hata ya kumkaribisha chai. Kucha kumi, zote za rangi yake. Buti tulilisafisha, tukalijaza magazeti, tukalikausha kivulini mbali na jiko, kwa sababu joto hufungua gundi. Sasa liko kwa yule jirani yetu, ana mdogo wake anayeanza kazi ya ugumu mwezi ujao. Nimeshampima kwenye karatasi: sentimita 29.9, na akivaa soksi mbili anabaki na nafasi ya kutosha mbele.