Hatua za Ngara

Jana usiku binti yangu aliweka penseli chini katikati ya kazi ya shule. "Mama, tatu jumlisha tano na tano jumlisha tatu, jibu ni lile lile siku zote?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, nikakwama. Ngara, ule mtaa wa Nairobi, ikanirudia.

Yule kijana wa mwaka wa kwanza chuoni. Kalkulasi, ile hisabati ya chuo, ilikuwa imemkaba koo, mimi natafuta nauli kwa kufundisha, basi tukawa tunakutana kwenye kibanda cha chai. Siku hiyo alikuja na uso wa mtu aliyeibiwa matatuni. Kitabu kilisema 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4, na kuendelea bila mwisho, ni takriban 0.693. Yeye akazipanga upya namba zile zile, kila moja ya kujumlisha ikifuatwa na mbili za kutoa, akapata nusu yake kamili.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Alikuwa ameingia shamba la Bernhard Riemann, mwanahisabati Mjerumani aliyefariki 1866, aliyethibitisha kwamba mfululizo wa aina hii ukiupanga upya hukupa jumla yoyote uitakayo.

Nikasimama kati ya mabenchi. "Mbele ni kujumlisha, nyuma ni kutoa. Taja namba." Akasema 1.5. Nikapiga hatua nzima mbele, kisha theluthi, kisha sehemu ya tano. Tumefika 1.533, tumepita. Basi nusu hatua nyuma: 1.033. Mbele tena, vihatua vitano, kandambili zikikwaruza sakafu, nikapita kidogo, robo nyuma.

"Hatua za mbele peke yake zingekufikisha Mombasa na kupitiliza," nikamwambia. "Za nyuma vilevile. Kwa hivyo haziwezi kutuishia. Na kwa kuwa zinazidi kuwa ndogo, siwezi kuipita alama yako kwa zaidi ya hatua niliyopiga mwisho."

"Mwalimu, mnapima ploti?" mama wa kibanda akauliza. Nilipojaribu kumweleza, akasema deni lake la chai nisithubutu kulipanga upya.

Kila mtu alicheka isipokuwa kijana. "Sasa jumla yenyewe ni ipi?"

"Inategemea umezipanga vipi."

Akafunga daftari polepole. Muhula uliofuata nikasikia amehamia uhasibu. Labda angehama tu. Labda.

"Mama?"

"Ni lile lile," nikasema. "Mradi namba zenyewe zina mwisho."

"Kwani kuna zisizo na mwisho?"

Nikamwambia akanawe mikono, ugali unapoa.