Korosho ndizo zilizomfungua babu mdomo

Babu yangu ni mzee wa Masasi, alipigana Vita vya Kagera. Medali yake ipo, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na stakabadhi za korosho. Habari zenyewe ndizo tulikuwa hatuna.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Niliweka simu mezani, nikawasha kurekodi, nikamwambia, "Babu, hebu tusimulie vita." Akakaa wima kama yuko mbele ya ofisa. "Tulikwenda, tukampiga nduli, tukarudi." Dakika haikuisha.

Nikaachana nayo. Mwezi wa kumi nikaenda kumsaidia shambani. Tumekaa chini ya mkorosho tunatenganisha korosho na mabibo, mikono inanata, nikauliza tu: "Hivi ulipoitwa, korosho zako aliokota nani?"

Akacheka. "Ziliota hukohuko chini, mke wangu." (Ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mtoto.)

Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, huku kwetu msimu umepamba moto. Babu alikuwa mgambo. Hotuba ya Mwalimu, ile ya uwezo, sababu na nia, aliisikia kwenye redio ya jirani, na anakumbuka zaidi kwamba betri zilikuwa zinakufa kuliko maneno.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena vita. Niliuliza miguu, chakula, mvua. Kutoka Mutukula kwenda Masaka, kisha Kampala, wengi wao walitembea. Buti alizopewa zilimbana, akazitoboa kwa kisu upande wa kidole gumba. Alivua kandambili akanionyesha: ukucha haujawahi kurudi vizuri, umekuwa mnene na mweusi kama ganda la korosho. Nikaelewa pia kwa nini ndizi za kupika hazigusi. Bibi alidhani ni vidonda vya tumbo, kumbe alizila Uganda hadi zikamkinai.

Tarehe zilinisumbua, kwa sababu hazikumbuki. Nikabadilisha swali: kulikuwa na sikukuu gani karibu? Akajibu bila kufikiri, "Kampala tuliichukua Jumatano, Jumapili yake ikawa Pasaka." Nikafungua kalenda ya 1979 kwenye simu. Aprili 11, Jumatano. Pasaka, tarehe 15. Mzee wa kusahau ufunguo kila siku!

Kulikuwa na ndugu aliyenishauri nichukue tu vitabuni, nisimchoshe mzee. Vitabuni nisingeukuta ukucha.

Palipogoma ni Lukaya. Najua kwamba Machi 1979 walikutana pale na askari wa Amin pamoja na Walibya, na kwamba barabara inakatiza kinamasi. Kila nikifika hapo anaomba maji ya kunywa, halafu anaokota korosho kwa kasi kuliko mimi. Sikumlazimisha. Niliacha kurasa mbili wazi kwenye daftari, nikaendelea na Kampala.

Juzi nilimpelekea daftari alikague. Alisoma taratibu, miwani puani, akafika kwenye zile kurasa.

"Hapa mbona hujaandika?"

"Nakusubiri wewe, babu."

Akakaa kimya, kidole chake kiko juu ya karatasi.

"Andika palikuwa na maji mengi."

Nimeandika.