Kukusanya ngano: kurekodi ndiyo sehemu fupi

Wengi wanaoanza kusomea fasihi simulizi hudhani kazi ni kufika kijijini, kumkalisha bibi chini ya mwembe na kubonyeza kitufe. Saa moja ya ngano iliyorekodiwa vizuri hudai saa sita hadi kumi za unukuzi, yaani kuandika kila kilichosemwa, na fanani (msimuliaji) akiwa mwimbaji au hadhira ikiwa ya watu wa kudakia, hudai zaidi. Anayetaka kuishi kwa kazi hii ajipime hapo kwanza, maana muda mwingi ataupitisha na hedifoni masikioni akirudia sekunde nne zilezile.

Kabla ya rekoda kuna vibali. Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Tanzania, mwanafunzi huanza na barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa mkoa, kisha wilaya, halmashauri, kata, mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Zanzibar usimruke sheha. Safari nyingi huharibikia ngazi ya chini. Mtu ana mihuri yote ya mjini, lakini mwenyekiti hakuambiwa, basi wazee wanamkwepa kwa adabu na yeye anaandika kwamba ngano zimekufa.

Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kHz 48, biti 24. Kwa chaneli moja hiyo ni kama megabaiti 520 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha kwa safari ndefu. MP3 hutupa sehemu ya sauti kwa namna isiyorudishika, na baadaye konsonanti za mwisho wa pumzi ndizo zinazokugombanisha na wasaidizi wako. Simu inafaa ikiwa programu yake inatoa WAV na umechomeka maiki ya kubana kwenye nguo. Weka kiwango ili kilele kiishie karibu na desibeli −12: fanani akiigiza fisi hupaza sauti ghafla, na sauti iliyopasuka haina dawa. Chini ya mabati mvua ikianza, simamisha kazi. Zima feni. Jogoo mwache, huwezi kumshinda. Kabla ya ngano taja kwa sauti tarehe, mahali, lugha na jina la fanani ikiwa ameridhia litajwe, kwa sababu daftari hupotea na faili hubadilishwa jina.

Kosa linalopoteza mengi zaidi ni kurekodi fanani peke yake. Mpe mtu maiki na mgeni mmoja mwenye kalamu, atakupa muhtasari. Mwambie "Paukwa!" pasiwe na wa kuitika "Pakawa!", ngano itaisha kwa dakika tatu. Kwingine mwanzo ni "Hadithi, hadithi!", na wasikilizaji hujibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", bila jibu hilo mchezo haujafunguliwa. Waite wajukuu na majirani. Tena jamii nyingi zina mwiko wa kusimulia ngano mchana, basi ukipanga mahojiano saa nne asubuhi kwa sababu gari lako linarudi mjini mchana, usishangae kupewa methali tupu. Nenda usiku, na betri za akiba.

Wimbo ndani ya ngano ndio unaotupwa hovyo. Katika nukuu nyingi utakuta neno "(wimbo)" na mstari mtupu. Mara nyingi wimbo huo uko katika lahaja ya zamani au lugha nyingine kabisa, fanani mwenyewe hajui maana ya kila neno, na hapo ndipo penye dalili ya ngano ilikotoka. Nukuu silabi kama zinavyosikika, kisha keti na wazee. Na usisanifishe. Mzee wa Mombasa akisema "jito", andika "jito". Mhariri atakayetaka "jicho" aweke toleo lake pembeni.

Baada ya hapo huja uainishaji. Faharasa ya kimataifa ya aina za ngano ilianzishwa na Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson, na Hans-Jörg Uther akaipanga upya mwaka 2004. Kisa cha kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, ambacho mmisionari Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 kutoka Unguja, ni namba 91, na jamaa yake yumo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za India. Namba hiyo inakuonyesha njia za bahari. Haikuambii kwa nini kisa kilisimuliwa jioni ile, wala aliyecheka ni nani, na mimi naona hayo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi.

Ajira je? Tangazo la "mtaalamu wa fasihi simulizi anahitajika" ni nadra. Kenya njia ilipanuka baada ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba kudai mwaka 1968 kwamba chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kiweke fasihi ya Kiafrika katikati. Leo wengi wa fani hii ni walimu na wahadhiri. Wengine ni maafisa utamaduni wa halmashauri, watu wa makumbusho, watayarishaji wa redio, au wanaoorodhesha urithi usioshikika chini ya mkataba wa UNESCO wa 2003. Anayejua unukuzi, kupanga hifadhi na kuhamisha kaseti kwenda dijitali hakosi kibarua. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuihamisha, na yenye ukungu isafishwe kwanza, la sivyo itachafua kichwa cha mashine na kaseti zinazofuata.

Idhini iandikwe kwa matumizi mahususi: utafiti, redio, mtandaoni, kila kimoja na jibu lake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inagusa sanaa za jadi, na Kenya ina sheria yake ya maarifa na sanaa za jadi ya 2016. Weka nakala tatu, moja nje ya jengo lako. Nakala ya familia igeuze kuwa MP3 na uitume kwa WhatsApp. WAV ya nusu gigabaiti ni nzito mno kwa simu ya mjukuu.