Siku ambayo sikugeukia ubao

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza huku Igombe, Mwanza, ziwani kabisa. Upepo ukivuma darasa zima linanuka dagaa. Mwaka wangu wa pili kazini, mgeni mmoja aliyekuja kukagua vipindi alinisahihisha matamshi mbele ya wanafunzi. Wakacheka. Dakika zilizobaki nilizimaliza nimewapa mgongo, naandika ubaoni. Baada ya hapo kwa miezi nikawa mwalimu wa kunakilisha notisi.

Iliniuma kwa sababu watoto hawa wametoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili. Kwetu wanakuta biolojia, jiografia na hesabu, vyote kwa Kiingereza. Wakimwona mwalimu wa Kiingereza mwenyewe anakiogopa, washike wapi?

Wenzangu waliniambia nijiamini. Walinitakia mema, ila neno hilo halikunishika. Chuoni tulimsoma Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeeleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na mambo manne: kufanikiwa mwenyewe, kuona wengine wakifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na anavyousikia mwili wake. La kwanza ndilo lenye nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nalishwa maneno tu, na semina nyingi za walimu nazo huishia hapohapo.

Jumanne iliyopita niliweka kitabu pembeni, nikawaambia wanieleze kwa Kiingereza dagaa wanavuliwaje. Kimya. Halafu kijana wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake, akasimama: "No moon, many dagaa."

Sikumsahihisha. Niliiandika sentensi yake kama ilivyo, wenzake wakaanza kuiongezea vitenzi, mmoja huku, mwingine kule, hadi ikajaa mstari mzima. Binti mmoja akauliza karabai, ile taa ya kuvutia dagaa usiku wa giza, inaitwaje. Nikamjibu, "Sijui, leteni kamusi." Nilisema hivyo nikiwatazama usoni, na moyo wangu ulikuwa umetulia. Tukaipata, wakapiga makofi.

Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima anayefundisha darasa la jirani, alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu," akasema, "leo hukugeukia ubao kujificha."

Kesho ni zamu ya somo la kuanika dagaa. Nimewaomba waje na maneno yote ya Kiswahili na Kisukuma wanayotumia mama zao pale mchangani. Kiingereza chake tutakitafuta pamoja.