Sentimita 22

Saa 11 alfajiri. Adhana za Ujiji hazikuachi ulale, na nina kaptura nne za shule za kumaliza kabla sijatoka. Cherehani yangu ni ya mkono. Polio ilinipooza miguu nikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo mkono wa kulia unazungusha na wa kushoto unaongoza kitambaa. Mshono haunyooki kwa haraka, ila unanyooka.

Saa 2 asubuhi, bajaji. Dereva anakikunja kiti mwendo changu bila kuelekezwa, kazoea. Nauli ni ya mfukoni mwangu, maana shule nyingi hunilipa chai na makofi.

Saa 4 nipo mbele ya darasa la sita. Zamani nilikuwa naingia na kupaza sauti, "Ulemavu si kushindwa!" Watoto wanaitikia, mwalimu anafuta machozi, narudi nyumbani, na shule inabaki vilevile. Siku hizi hotuba yangu ni fupi. Nasimulia nilivyojifunza kushona nikiwa nimekaa kwenye mkeka, kisha naacha maswali.

Msichana wa nyuma akanyoosha mkono.

"Shikamoo. Ukibanwa, choo cha hapa utaingiaje?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akataka kumkemea, nikamzuia. Nikamuuliza kwa nini anauliza. Ana mdogo wake, miaka tisa, anatumia kiti mwendo kama mimi. Aliandikishwa, akasoma wiki mbili, akaacha. Siku nzima alikuwa hanywi maji ili asiende chooni.

Hapo hotuba iliishia. Nikaomba tukaangalie choo.

Kuna kizingiti kimoja tu mlangoni. Nikatoa futi kamba yangu ya cherehani: sentimita 22. Kwa mteremko wa kiti mwendo, kila sentimita moja ya kwenda juu inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Ni sentimita 264, basi. Mwalimu mkuu akasema atalipeleka kwenye kamati ya shule. Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010.

Saa 8 mchana, kikao cha kikundi chetu chini ya mwembe. Tunaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 yetu sisi wenye ulemavu, bila riba. Tunataka mashine ya kukamua mawese. Kikao kizima kikaliwa na ubishi wa nani atakuwa mweka hazina.

Saa 12 jioni nikampitia jirani yangu, fundi mwashi, nikamwonyesha vipimo.

"Mita mbili na nusu ya nini, kaka? Hiyo ni barabara. Mita moja inatosha, tunaokoa saruji."

Sikubishana. Tukaweka ubao wa mita moja kwenye kizingiti chake, kimo kilekile. Nikahamia kwenye mkeka, nikamwambia akae yeye kwenye kiti.

Akasukuma. Kikapanda nusu, kikarudi nyuma. Akakaza mikono, kikarudi tena, safari hii magurudumu ya mbele yakainuka, akapiga kelele mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umesema ngapi vile?" akauliza, akitafuta kalamu.