Nilivyokagua nyumba ya safu West End, Brisbane, kabla ya kusaini

West End ni mtaa wa jiji la Brisbane, jimbo la Queensland, Australia. Imebanwa kwenye kona ya Mto Brisbane, na katikati ya jiji unafika kwa miguu. Boundary Street ina migahawa hadi usiku, na Jumamosi kuna soko la Davies Park. Matangazo ya nyumba huko yanasifu hayo yote, habari za maji hayazigusi. Mimi nilianza na maji.

Halmashauri ya Jiji hutoa bure mtandaoni ripoti ya mafuriko ya kila kiwanja, iitwayo FloodWise. Usiishie kwenye rangi za ramani. Tafuta kimo cha ardhi ya kiwanja, cha chini na cha juu, kisha kimo cha mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kwa mwaka. Vyote viko kwa mita kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ni hesabu ya kutoa tu. Kimo cha sakafu nilikitafuta kwenye michoro ya ujenzi, na nilitaka cha gereji na cha sebule, kila kimoja peke yake.

Hapa wengi huteleza. Kwenye kipimo cha katikati ya jiji mto ulifika mita 5.45 mwaka 1974, mita 4.46 mwaka 2011 na mita 3.85 mwaka 2022. Mtu huchukua 4.46, akailinganisha na kiwanja chake, akatulia. West End iko upande wa juu wa kipimo hicho, na wakati wa mafuriko uso wa mto una mteremko: maji yale yale husimama juu zaidi kadiri unavyokwenda yanakotoka. Tena si lazima yavuke ukingo. Hurudi nyuma kwenye mabomba ya maji ya mvua na kuibukia barabarani, hata mbali na mto.

Ndani ya gereji nilitafuta dalili za maji yaliyowahi kuingia: niliangalia reli za mlango kama zina kutu chini, mbao za makabati kama zimevimba, na kama ukuta una jipsamu mpya inayokoma kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kisanduku cha umeme kikiwa chini ya kimo cha mafuriko, weka gharama ya kukihamisha kwenye hesabu yako. Mchwa na nyufa niliwaachia wakaguzi wenye leseni.

Jambo la pili ni ramani ya usajili, ile inayoonyesha mipaka ya unachomiliki. Ikiwa ya muundo wa jengo (building format plan), paa na kuta za nje kwa kawaida hutunzwa na jumuiya ya wamiliki wa nyumba hizo (body corporate). Ikiwa ya muundo wa kawaida (standard format plan), paa ni lako, hata kama mnashirikiana ukuta na jirani. Kwa macho nyumba hizo hufanana kabisa, ila michango ya kulipa kwa jumuiya haifanani, na mchango mdogo wa aina ya pili si nafuu kama unavyoonekana. Lipia pia kusoma kumbukumbu za jumuiya: mihtasari ya mikutano husema wazi kuhusu paa linalovuja na mfuko wa matengenezo makubwa uliokauka, mambo ambayo dalali hatayataja.

Tangu tarehe 1 Agosti 2025 muuzaji wa Queensland lazima akupe taarifa ya mali, Fomu 2, pamoja na cheti cha jumuiya kabla hujasaini. Historia ya mafuriko haimo. Baada ya kusaini una siku 5 za kazi za kughairi, na muuzaji anaweza kukata asilimia 0.25 ya bei: kwa nyumba ya dola 1,200,000 ni dola 3,000. Ukinunua mnadani, haki hiyo huna.

Bima niliiulizia mapema. Kwa mkataba wa kawaida wa huko, hatari ya nyumba kuharibika humhamia mnunuzi saa 11 jioni ya siku ya kwanza ya kazi baada ya mkataba, wiki kadhaa kabla ya kushika ufunguo. Jengo lenye kuta za pamoja hukatiwa bima na jumuiya. Omba hati yake uone kama inataja mafuriko ya mto, na ni kiasi gani wamiliki hujilipia wenyewe kabla bima haijaanza kulipa.