Lampard, kiungo aliyefunga kama straika

Jamani mi hadi leo najiuliza kiungo anafungaje magoli 211 klabu moja, maana Lampard hakuwa straika, alitoka West Ham 2001 akaja Chelsea na kuondoka 2014 akiwa mfungaji bora wa muda wote pale. Siri yake ilikuwa kuchelewa tu, mabeki wote wako bize na straika Drogba, yeye Lampard anatokea nyuma taratibu, mpira ukidondoka nje ya boksi haulizi, anaupiga hukohuko, nyavu. Msimu wa 2009/10 alitupia 22 kwenye ligi peke yake! Ila lile shuti lake akiwa na Uingereza dhidi ya Ujerumani Kombe la Dunia 2010 ndo bado linaniuma, mpira umegonga mwamba ukadondoka ndani kabisa ya mstari, refa akapeta, na mi wala si shabiki wa Uingereza.